Kilomita Mia Sita

Desrosiers ni kijana mpole, tai yake imekaa upande,
amenipa kahawa na kiti chenye joto kuliko gari langu.
Gari langu liko nje kwenye theluji, linanisubiri
kama mbwa asiyejua kilichomleta kwa daktari.
Sakafu yake imeliwa na chumvi ya barabarani.
Ukiinua zulia upande wa abiria
unaiona Thunder Bay ikipita chini ya miguu yako.

"Kukodi," anasema, "miaka mitatu, malipo madogo,
mkataba ukiisha unaturudishia, unachukua jipya.
Kununua ni miaka saba, malipo makubwa,
halafu ni lako."
Hayo ya mwisho anayasema kwa sauti ya chini,
kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo.

Nina miaka sitini na mmoja. Saba naijua kuihesabu.
Baba yangu alikuwa mtu wa kununua:
mashua, msumeno, hadi shimo lake la kaburi,
na lori la buluu ambalo mpaka leo limesimama nyuma ya nyumba,
msonobari umeota pale ilipokuwa injini.
Hakuna anayethubutu kuliuza, hakuna anayeweza kuliwasha.
Kwa hiyo nilifika hapa nimeshaamua kukodi.
Kalamu ilikuwa mkononi.

"Swali moja tu. Kwa mwaka unaenda kilomita ngapi?
Mkataba ni elfu ishirini.
Zikizidi, senti kumi na mbili kila moja."

Nikaanza kuhesabu nyuma ya bahasha.
Mimi ni muuguzi wa majumbani, kazi yangu ni barabara.
Mzee Bannon, kidonda cha mguu, Jumatatu na Alhamisi.
Mapacha wa Kakabeka, waliotoka kabla ya siku zao.
Mama Zanatta, sukari, na ngazi zake zenye barafu.
Dukani. Kanisani, mara mojamoja.
Kwa mwanangu Eerik kule Wawa, mara mbili, si zaidi,
mkewe hapendi wageni.
Jumla: elfu kumi na tisa na mia nne.
Zilibaki mia sita.

Na Saimi nilikuwa sijamweka.

Saimi Rautio si mgonjwa wangu tena,
ofisi ilimhamishia kwenye orodha ya mwingine.
Anakaa Lappe, thelathini na mbili kwenda, thelathini na mbili kurudi.
Jumapili tunacheza karata. Ananiibia, namwachia,
anajua namwachia, ananuna.
Mia sita gawanya kwa sitini na nne:
Jumapili tisa.
Ya kumi ina bei, dola saba na senti sitini na nane.
Si hela nyingi, nimeshanunua supu kwa zaidi ya hapo.
Lakini nilijiona mezani kwake, karata mkononi,
roho iko nje inasoma mita.

Nikamwambia Desrosiers nitarudi.
Nikaenda Lappe na gari lenye tundu, soksi mbili kila mguu.

Saimi alisikiliza hadi mwisho, macho yake meupe yakitazama jiko.
"Mimi," akasema, "daktari alinikodishia miezi mitatu.
Huu ni mwaka wa nne.
Hebu waulize, zilizozidi watamdai nani?"
Kisha akatupa shupaza
ambayo dakika moja kabla hakuwa nayo.

Jumatatu nilinunua. Jekundu, maana jeupe hupotea kwenye theluji.
Sijui kama nilifanya sawasawa. Riba ni riba,
na mara mbili sasa nimeota msonobari ukitoka kwenye boneti.
Chumvi italila, haina adabu. Ile, itakuwa inakula changu.

Funguo walinipa mbili.
Wa akiba nimeutundika kwa Saimi, kwenye msumari wa mlangoni.
Haendeshi, hata kuona haoni.
Anapenda tu unavyolia
mtu akifunga mlango.